Serikali za Kaunti Nchini Kenya, Historia Yake na Nafasi ya Mwananchi Katika Utungaji wa Sheria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayefuatilia habari za kaunti yake lakini hukwama anapokutana na maneno kama mswada, ardhihali, mgao wa mapato au Jedwali la Nne, na pia kwa yule ambaye amewahi kuhudhuria kikao cha umma akatoka humo bila kujua maoni yake yalipelekwa wapi.

Kaunti 47 zilitoka wapi?

Kaunti hazikuchorwa upya mwaka 2010. Mipaka yake ni ile ya wilaya zilizokuwa zikitambuliwa na sheria ya wilaya na mikoa ya mwaka 1992, na ndiyo maana wilaya nyingi zilizotangazwa na Rais baada ya hapo, nyingine kwenye mikutano ya hadhara, hazikugeuka kuwa kaunti. Kamati ya Wataalamu iliyoandaa rasimu ya Katiba ilihitaji orodha yenye msingi wa kisheria, na hiyo ndiyo iliyokuwepo. Wananchi waliipitisha Katiba katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, nayo ikazinduliwa rasmi tarehe 27 Agosti mwaka huo huo. Hata hivyo serikali za kaunti zenyewe hazikuanza kazi hadi baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013, na wazee wengi wanaodai kwamba "kaunti zilianza 2010" huwa wanachanganya sheria na utekelezaji wake.

Nambari za kaunti hufuata mpangilio wa Jedwali la Kwanza la Katiba, kuanzia Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu na kuishia Nairobi, ambayo ni ya 47.

Je, ugatuzi, yaani kugawa mamlaka na fedha kwa serikali za mashinani, ni jambo jipya nchini Kenya?

Hapana, na hapa historia inastahili nafasi, kwa kuwa mabishano ya leo kuhusu fedha za kaunti ni marudio ya mabishano ya zamani.

Wakati wa ukoloni, kuanzia mwaka 1924, yaliundwa mabaraza ya wenyeji ambayo yalikuwa na mamlaka madogo na yalisimamiwa na maafisa wa serikali ya kikoloni. Mabadiliko makubwa yalikuja na Katiba ya uhuru ya mwaka 1963, iliyojulikana kwa jina la Katiba ya majimbo. Chini yake nchi iligawanywa katika majimbo saba, pamoja na eneo la Nairobi, na kila jimbo likawa na bunge lake na rais wake wa jimbo. Ronald Ngala aliongoza jimbo la Pwani, na Daniel arap Moi akaongoza Bonde la Ufa. Wote wawili walikuwa vigogo wa KADU, chama kilichokuwa kikihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na makabila makubwa yaliyokuwa nyuma ya KANU, chama cha Jomo Kenyatta. Juu ya mabunge hayo palikuwa na Seneti yenye wanachama 41.

Mfumo huo haukuvunjwa kwa siku moja. Ulinyimwa chakula kwanza. Serikali ya Jomo Kenyatta haikuyakabidhi majimbo fedha na watumishi yaliyostahili kupata. KADU ikajivunja yenyewe na kujiunga na KANU mwezi Novemba 1964. Marekebisho ya Katiba yakaondoa mamlaka ya majimbo nchi ilipokuwa ikigeuka jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge la Taifa. Kilichobaki mashinani ni mabaraza ya serikali za mitaa, nayo yakapigwa dafrau na sheria ya uhamishaji wa majukumu ya mwaka 1969, ambayo iliyapokonya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara. Kuanzia hapo mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, ambao waliteuliwa Nairobi na kuwajibika Nairobi, ndio waliokuwa serikali machoni pa mwananchi.

Jitihada za kurudisha rasilimali mashinani zilifanyika baadaye kwa vipande: mkakati wa maendeleo ya wilaya wa mwaka 1983, hazina ya uhamisho wa fedha kwa serikali za mitaa iliyotokana na sheria ya mwaka 1998, na hazina ya maendeleo ya maeneo bunge iliyoanzishwa mwaka 2003. Zote zilipeleka fedha bila kupeleka mamlaka ya kutunga sheria.

Kulikuwa na "kaunti kaunsili" zamani. Je, si kitu kile kile?

Si kitu kile kile, ingawa jina linafanana na hata majengo mengi ni yale yale. Baraza la kaunti la zamani lilikuwa mojawapo ya serikali za mitaa 175, pamoja na mabaraza ya miji na manispaa, na liliishi kwa hisani ya sheria ya Bunge na ya waziri wa serikali za mitaa, ambaye aliweza kukataa sheria ndogo zake au hata kulivunja baraza lenyewe. Kaunti ya leo imeundwa na Katiba. Waziri hawezi kuifuta, na mamlaka yake ya kutunga sheria hayatoki kwa mtu aliye Nairobi bali kwa Kifungu cha 1, kinachosema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, nao huyakabidhi kwa ngazi ya taifa na ngazi ya kaunti.

Kamishna wa kaunti, chifu na msimamizi wa wadi: nani ni wa gavana?

Kati ya hao watatu, msimamizi wa wadi pekee ndiye wa serikali ya kaunti. Kamishna wa kaunti, naibu wake na chifu ni watumishi wa serikali ya taifa waliorithi utawala wa mikoa. Malalamiko kuhusu dawa katika zahanati yakipelekwa kwa chifu yatasikilizwa kwa adabu, kisha yataishia hapo.

Kaunti inashughulikia mambo gani hasa?

Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa majukumu kati ya serikali ya taifa na kaunti, inataja majukumu 14 ya kaunti. Yanayomgusa mwananchi kila siku ni kilimo na mifugo, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko na leseni za biashara, maji na usafi wa mazingira, mipango ya ardhi na ujenzi, huduma za zimamoto, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule za msingi na za upili, polisi, vyuo vikuu, hospitali za rufaa za kitaifa na barabara kuu zimebaki kwa serikali ya taifa.

Pale majukumu yanapogusana ndipo migogoro huzaliwa. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 na kuendelea kwa takriban siku 100 ulionyesha jambo hilo kwa uchungu: mkataba uliokuwa ukigombaniwa ulitiwa saini mwaka 2013 na serikali ya taifa, ilhali mishahara ilikuwa imekwisha kuhamia kwa magavana, na wagonjwa wakawa wanasubiri huku pande mbili zikibishana kuhusu nani hasa ni mwajiri.

Fedha za kaunti zinatoka wapi, na kwa nini kila mwaka kuna mvutano?

Kifungu cha 203 kinaagiza kwamba mgao wa kaunti zote kwa pamoja usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Neno la kuangaliwa ni kwamba asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, wala si kwa mapato ya mwaka wa sasa. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, kipimo kinachotumika ni cha miaka iliyopita, ambacho ni kidogo, na kwa hiyo kutangaza kwamba kaunti zimepewa zaidi ya kima cha chini si sifa kubwa kama inavyosikika kwenye taarifa ya habari.

Mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 316.5 katika mwaka wa fedha wa 2020/21, kisha ukapanda hadi bilioni 370 mwaka uliofuata. Kiasi cha jumla hupendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na Hazina ya Kitaifa, ambazo takwimu zao hutofautiana karibu kila mwaka, na mwisho wake huamuliwa na Bunge la Taifa na Seneti, iliyorudishwa na Katiba ya 2010, kupitia mswada (yaani pendekezo la sheria) wa ugavi wa mapato. Namna ya kuzigawia kaunti moja moja ni jambo jingine: huamuliwa na Seneti kwa kanuni inayopitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa vikao vingi kuhusu kanuni ya tatu, kwa kuwa kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito na kaunti za maeneo kame zilitaka ukubwa wa ardhi na umaskini visisahaulike, hadi wakaafikiana mwezi Septemba.

Mbali na mgao huo, kaunti hutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma inazotoa. Kodi ya mapato, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ni za taifa pekee. Fedha hazitoki katika hazina ya kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na matumizi hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye ripoti zake husomwa na kamati ya Seneti inayowahoji magavana. Kwa mtu anayetaka habari za kuaminika kuhusu kaunti yake, ripoti za maafisa hao wawili zina manufaa kuliko hotuba kumi za gavana au za wapinzani wake.

Mswada wa kaunti hupitia hatua zipi kabla ya kuwa sheria?

Mswada huchapishwa, husomwa mara ya kwanza katika bunge la kaunti bila mjadala, kisha hupelekwa kwa kamati inayohusika. Katika hatua hiyo ya kamati ndipo maoni ya umma hukusanywa. Baadaye mswada hujadiliwa katika usomaji wa pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu na kamati ya bunge zima, na kupigiwa kura katika usomaji wa tatu.

Ukipita, Spika ana siku 14 za kuufikisha kwa gavana, na gavana naye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha pamoja na maelezo ya anachopinga. Wawakilishi wadi, yaani wanachama wa bunge la kaunti, wakiupitisha tena vile vile kwa theluthi mbili, gavana hana budi kuutia saini ndani ya siku saba, na asipofanya hivyo mswada huhesabiwa kuwa umetiwa saini. Sheria huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali ndani ya siku saba baada ya saini, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje siku nyingine.

Mwananchi anayesubiri usomaji wa tatu ndipo alalamike amekwisha kuchelewa, kwa sababu kifungu ambacho kamati haikukigusa ni nadra kubadilishwa ukumbini.

Je, bunge la kaunti linalazimika kuwasikiliza wananchi?

Linalazimika. Kifungu cha 196 kinaliagiza liendeshe shughuli zake hadharani na kuwezesha umma kushiriki katika utungaji wa sheria, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imefafanua haki hiyo zaidi. Kwa Bunge la kitaifa, yaani Bunge la Taifa na Seneti kwa pamoja, agizo linalofanana na hilo liko katika Kifungu cha 118.

Kesi iliyofungua njia ilihusu Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji George Odunga, iliibatilisha sheria hiyo kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba bunge la kaunti halitimizi wajibu wake kwa kuweka tu tangazo gazetini, bali linapaswa kutumia njia nyingi kadiri iwezekanavyo, zikiwemo mabaraza, makanisa, misikiti, mahekalu na redio, zile za lugha za mama pamoja. Tangu hapo kaunti zimejifunza kuandaa vikao. Zimejifunza pia, ni lazima isemwe, kuandaa vikao vya saa mbili siku ya kazi, kugawa soda, kupitisha daftari la sahihi, na kulitumia daftari hilo kama ushahidi mahakamani. Kushirikishwa si lazima kumaanishe kwamba maoni yako yatakubaliwa. Mahakama zimesema hivyo mara kadhaa. Lakini maoni yaliyoandikwa na kupokewa kwa muhuri ni vigumu kuyakana, ilhali yaliyosemwa kwa mdomo hutegemea ukarimu wa aliyekuwa akiandika kumbukumbu.

Ni wakati gani mzuri wa kudai mradi, kama vile daraja au zahanati?

Hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na wengi huliuliza mwezi Juni, wakati bajeti inasomwa na magari ya habari yako nje ya bunge. Mwezi Juni meza huwa imekwisha kuandikwa.

Bajeti ya kaunti huanza kuzaliwa karibu mwaka mzima kabla ya kutumika. Waraka wa bajeti hutolewa kufikia tarehe 30 Agosti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, nao hutokana na Mpango Jumuishi wa miaka mitano, ambao kwa sasa ni ule wa 2023 hadi 2027. Mradi ambao haumo katika mipango hiyo hauna msingi wa kisheria wa kutengewa fedha. Kufikia tarehe 28 Februari kaunti huwasilisha mkakati wake wa fedha, ambao huweka viwango vya juu vya kila idara; kilimo kikipewa kikomo kidogo hapo, hakuna kelele ya Mei itakayokipanua sana. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, na bunge hutakiwa kuyapitisha kabla ya tarehe 30 Juni. Katika hatua hiyo ya mwisho wawakilishi wadi wanaweza kuongeza fedha mahali fulani, lakini ni lazima wapunguze kwingine kiasi kile kile, na hakuna mwakilishi anayepunguza kwenye wadi yake kwa hiari.

Kwa hiyo anayetaka daraja aanze Julai au Agosti, kwa barua inayotaja mto, vijiji viwili vinavyotenganishwa, idadi ya wanafunzi wanaovuka na ukurasa wa Mpango Jumuishi ambamo daraja hilo limetajwa. Ikiwa halijatajwa, kazi ya kwanza ni kulifanya litajwe. Kisha arudi Februari na Mei kuhakikisha kwamba daraja halijapotea njiani, maana hupotea.

Mswada wa fedha wa kaunti, unaopanga ada za masoko na leseni, hufuata kalenda yake: huidhinishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi kupitishwa. Wafanyabiashara ambao hungoja hadi askari wa kaunti wabishe hodi na ada mpya huwa wamepitwa na nafasi iliyokuwa wazi kati ya Julai na Septemba.

Ardhihali ni nini, na inaandikwaje?

Ardhihali ni ombi rasmi kwa bunge. Haki ya kuiwasilisha imo katika Kifungu cha 37 kwa mamlaka zote za umma, Kifungu cha 119 kwa Bunge la kitaifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti kwa bunge la kaunti, ambalo mtu anaweza kuliomba litunge, lirekebishe au lifute sheria yoyote iliyo ndani ya mamlaka yake. Mtu mmoja anaweza kuiandika. Wingi wa sahihi husaidia kisiasa lakini si sharti.

Ardhihali nzuri ni fupi. Inataja walioiandika na wanakoishi, inaeleza tatizo kwa ukweli unaoweza kuthibitishwa, inasema ni juhudi gani zimefanywa kwa ofisi inayohusika na jibu lilikuwa gani, inathibitisha kwamba suala haliko mahakamani, na kumalizia kwa ombi lililo wazi. Ombi la "mtusaidie" haliwezi kupigiwa kura. Ombi la kwamba kamati ya afya ichunguze kwa nini zahanati fulani imefungwa na itoe mapendekezo linaweza. Hukabidhiwa kwa karani wa bunge, moja kwa moja au kupitia mwakilishi wadi, husomwa ukumbini na kupelekwa kwa kamati. Katika Bunge la Taifa kamati hupewa siku 60 kujibu. Kwa kaunti, muda huwa katika kanuni za kudumu za bunge husika, na karani anapaswa kukuonyesha kanuni hizo ukiomba.

Lugha isikuzuie. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7.

Nikinyimwa nakala ya bajeti au ya mkataba, nifanye nini?

Andika ombi kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kwa lugha nyepesi, ukitaja hati unayoitaka. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, na si lazima ueleze sababu ya kuitaka. Ukinyimwa au kukaliwa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kutoka hapo.

Gavana huondolewaje madarakani?

Hoja huhitaji kuungwa mkono na angalau theluthi moja ya wawakilishi wadi ili iwasilishwe, na theluthi mbili ili ipite. Spika wa kaunti humjulisha Spika wa Seneti ndani ya siku mbili, na Seneti huyasikiliza mashtaka, ama kwa kamati maalumu ya maseneta 11 ama katika kikao cha wote. Sababu zinazokubalika ni ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, uhalifu, matumizi mabaya ya ofisi au mwenendo usiofaa, na kutoweza kufanya kazi kwa sababu ya afya. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza kuondolewa, mwaka 2014, na mahakama ikamrudisha. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa mwaka 2020, mmoja Januari na mwingine Desemba.

Seneta, mbunge na mwakilishi wadi: nimwandikie nani?

Itategemea sheria unayotaka kuibadilisha. Ada ya soko ni ya mwakilishi wadi. Kodi ya mapato ni ya mbunge. Kiasi cha fedha kinachotumwa kwenye kaunti, na matumizi mabaya ya fedha hizo, ni vya seneta, na katika miswada ya kaunti kila ujumbe wa kaunti katika Seneti hupiga kura moja, kwa hiyo Lamu yenye watu wachache ina uzito sawa na Nairobi. Barua moja iliyonakiliwa kwa wote watatu kwa kawaida huishia kila mmoja akidhani mwenzake atajibu; ni afadhali kuchagua mmoja, kumtajia mswada na kifungu, na kumwomba aseme kwa maandishi atapiga kura vipi.